Kumkaribia Mjusi wa Mgombani: Mwongozo wa Picha za Karibu za Wanyama Wadogo Kisiwani Pemba

Mwanafunzi wa upigaji picha aliyeko Pemba akitaka kujifunza picha za wanyama, mawazo yake humpeleka kwanza kwa popo wakubwa wa Kidike, au huanza kuhesabu nauli ya kuvuka bahari kwenda bara kuwatafuta simba. Popo wale hulala wakining'inia juu ya miti mirefu na wanadai lenzi ndefu ya bei kubwa. Simba ndio usiseme. Na huku nyuma, katika migomba iliyo karibu na jiko la kwao, anapanda na kushuka mjusi wa kijani kibichi ambaye wataalamu humwita Phelsuma parkeri, na ambaye makazi yake ya asili ni kisiwa hiki peke yake. Nitamtumia mjusi huyo kuwa mfano wangu mkuu, kwa kuwa naamini kwamba mtu huzijua picha za karibu kwa kukaa na mnyama mmoja mahali pamoja kwa miezi kadhaa, na si kwa kuwakimbilia wanyama ishirini katika wiki moja.

Pima kwanza kifaa ulicho nacho

Kabla ya kununua chochote, chukua rula ya skuli, iweke mezani penye mwanga, isogelee kwa kamera mpaka lenzi ikatae kufokasi, yaani ishindwe kuileta rula ionekane kwa ukali, kisha rudi nyuma kidogo na upige. Hesabu ni milimita ngapi zimeonekana kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia wa picha. Sensa, yaani kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuufanya picha, ina upana wa milimita 36 kwa kamera kubwa, na ile ya kamera ndogo zinazotumiwa na wanafunzi wengi ni kiasi cha milimita 23. Ikiwa milimita za rula zinalingana na upana wa sensa yako, umefikia kipimo cha 1:1, yaani kitu kinachorwa ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi. Ikiwa rula imeonekana mara mbili ya upana huo, uko kwenye 1:2. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera huishia mbali na hapo, lakini usikate tamaa, kwa sababu mjusi mzima, mkia ukiwamo, hutosha kwenye picha kwa kipimo cha 1:4 au 1:5, na ni kichwa, jicho na vidole vyake tu vinavyohitaji zaidi.

Asiye na uwezo wa kununua lenzi ya makro, ile iliyotengenezwa kwa picha za karibu, anaweza kutumia pete tupu za kurefushia, ambazo hukaa kati ya lenzi na kamera na hazina kioo ndani. Hesabu yake ni nyepesi: gawa unene wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake. Pete za milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50, ikiwa imefokasiwa mbali kabisa, hukupa nusu, yaani 1:2; pete za milimita 50 kwenye lenzi hiyo hiyo hukupa 1:1. Kasoro yake ni kwamba utalazimika kumsogelea mnyama mpaka ubaki kiasi cha sentimita 10 au pungufu, na mjusi hapendi kioo kikubwa cheusi kumjia usoni. Lenzi ya makro ya milimita 100 humwacha mnyama akipumua zaidi, na kama nikiulizwa fedha ziende wapi kwanza, nitajibu ziende huko, hata kama ni lenzi iliyokwisha kutumika, ilimradi umeikagua kwa tochi kabla ya kulipa. Mwenye simu peke yake asijione yuko nyuma: simu nyingi za sasa hufokasi karibu sana, na kilenzi kidogo cha kubana juu ya kamera ya simu kinatosha kabisa kwa mazoezi ya miezi ya mwanzo.

Chagua shamba, kisha piga hodi

Tafuta mgomba ambao tumba lake limeanza kuchomoza. Tangu tumba litoke mpaka mkungu ukomae kwa kukatwa hupita kiasi cha miezi mitatu hadi minne, na huo ni muda mzuri kwa kazi ya mwanafunzi: si mfupi wa kulipua, si mrefu wa kuchosha. Isitoshe, mijusi wa jamii hii hupenda utomvu mtamu wa maua, na tumba la mgomba huwavuta wao pamoja na wadudu wanaowala. Hapo una jukwaa lililokwisha kujengwa, na wachezaji huja wenyewe.

Shamba, hata likiwa halina ukuta wala ua, lina mwenyewe. Kijana anayeonekana amechutama migombani alfajiri, amebeba mfuko mweusi, atadhaniwa mwizi wa ndizi kabla hajadhaniwa mpigapicha. Nilipoanza, nilikwenda kwa mzee mmoja karibu na Konde nikapiga hodi, nikamwamkia, nikaeleza haja yangu.

"Unataka kumpiga picha mjusi?" akauliza.

"Ndiyo, babu. Huyu wa kijani."

"Basi si ungeniambia mapema nikavaa kanzu, ukanipiga mimi."

Nilimpiga na yeye siku ya pili, akiwa na kanzu yake, nikaichapisha picha na kumpelekea. Picha ile moja ilinifungulia shamba kwa muda mrefu kuliko barua yoyote ya chuo. Hata hivyo barua ichukue, na ikiwa unatoka shehia nyingine, mwone sheha kabla ya siku ya kwanza. Katika msitu wa Ngezi utaratibu ni mwingine: pita langoni, lipa kiingilio, na umweleze askari wa msitu kwamba utakaa muda mrefu mahali pamoja, kwa maana wageni wengi hutembezwa na kuondoka.

Kaa bila kamera

Hatua hii wanafunzi huiruka, na ndiyo inayonifanya nitambue kazi zao tangu picha ya tatu. Kwa asubuhi tatu za mwanzo nenda na daftari tu. Kaa hatua nne kutoka kwenye mgomba, jua likiwa mgongoni kwako lakini kivuli chako kisiangukie shina, na uandike saa na jambo. Utaona kwamba mjusi hutoka jua linapogusa shina, hukaa akiota mpaka mwili upate moto, kisha huanza kuwinda. Utaona pia kwamba ana sehemu zake: jani lile lile lililokauka na kuinama, ufa ule ule kati ya maganda ya mgomba, ambamo hujificha akitishika. Ukishazijua sehemu hizo, hutamfuata tena, utakwenda kumngojea.

Jifunze pia kuusoma mwili wake. Akitulia, kichwa huinuka kidogo na koo hupanda na kushuka polepole. Akianza kukuhofia, hulaza mwili shinani na kulizunguka shina taratibu mpaka abaki upande wa pili, akiacha jicho moja tu likichungulia. Hapo usimfuate kwa kuzunguka nawe. Simama, au rudi nyuma hatua moja, na mara nyingi atarejea mwenyewe baada ya dakika chache. Umbali wa picha anaupanga yeye: leo atakuruhusu mita moja na nusu, wiki ijayo mita moja, na baada ya mwezi huenda ukapeleka lenzi sentimita 30 kutoka puani mwake naye akaendelea kuramba tumba. Nguo iwe ya rangi iliyofifia, isiyopepea. Mkono uende polepole, na usiuinue juu ya kichwa chake, kwa kuwa hatari humjia kutoka juu, kwa ndege.

Saa, upepo na mwanga

Mwanga mzuri kwa kazi hii ni wa saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Baada ya hapo jua letu hupanda haraka na kuanguka wima. Magamba ya mjusi, ambayo yanang'aa kama yamepakwa mafuta, hugeuka madoa meupe yasiyo na rangi. Siku ya mawingu mepesi ni siku ya bahati, na usiipoteze kwa kulala. Wakati wa kipupwe asubuhi huwa na ubaridi na mijusi huchelewa kutoka, jambo linalokupa dakika nyingi zaidi za kumpiga akiwa mzito. Lakini ndio msimu wa kusi, na upepo huo unaligeuza jani la mgomba kuwa tanga. Elekeza basi kazi yako shinani na kwenye tumba, ambavyo havitikisiki sana, na jani liache mpaka upepo utulie.

Mipangilio ya kamera

Ugumu mkubwa wa picha ya karibu ni kwamba sehemu inayoonekana kwa ukali ni nyembamba mno. Kwa kipimo cha 1:1 na tundu la lenzi likiwa f/11 (kadiri namba ya f inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo), kwenye sensa ya milimita 36, unene wa sehemu hiyo ni kiasi cha milimita 1.3 tu. Hii ina maana kwamba jicho la mjusi likiwa safi, pua tayari imeanza kufifia. Wengi hukimbilia kubana tundu mpaka f/22 au f/32 wakitaraji kuokoa kila kitu, na matokeo yake picha nzima hulegea, kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo kupita kiasi hutawanyika. Tena kwa kipimo cha 1:1 tundu la f/11 linafanya kazi kama f/22, hata kama kamera inaendelea kuandika f/11. Kaa kati ya f/8 na f/11. Badala ya kubana tundu, geuza kamera yenyewe: ukiwa sambamba na ubavu wa mjusi, kichwa, bega na kiuno vyote huangukia ndani ya ile milimita moja au mbili, na utapata ukali ambao tundu lisingekupa.

Zima fokasi ya kujiendesha unapokuwa karibu sana. Weka lenzi kwenye kipimo unachokitaka, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma kwa kadiri ya unene wa punje ya mchele, ukibonyeza pale jicho linapokuwa safi. Piga picha tano hadi kumi kwa kila tendo. Jicho la mjusi huyu halina kope za kufunga na kufungua, na mboni yake ni ya duara kwa kuwa yeye ni mnyama wa mchana. Mjusi kafiri wa ukutani, anayewinda usiku, mboni yake hujibana mchana ikawa mwanya wa wima. Mjusi wa kijani akitaka kusafisha jicho hulipangusa kwa ulimi. Tendo hilo halichukui hata sekunde moja, lakini huja mara kwa mara baada ya kula. Anayelijua hukaa kidole kikiwa tayari, asiyelijua huona ulimi ukirudi mdomoni.

Kwa mwanga wa asili anza na kasi ya 1/250 ya sekunde na uiache ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 bila hofu, kwani chenga chache, zile punje punje zinazotokea kwenye picha, huvumilika kuliko jicho lililotikisika. Ukitumia flashi, weka 1/200, ISO 200, na uifunike kwa kipande cha plastiki nyeupe kilichokatwa kutoka kwenye kidumu cheupe cha lita tano, ukikipinda kisogee juu ya ncha ya lenzi. Kadiri chanzo cha mwanga kinavyokuwa kikubwa na karibu, ndivyo madoa ya mng'ao yanavyopungua kwenye magamba. Kidumu hicho kimenifaa kuliko vifaa viwili nilivyoagiza kwa fedha.

Mazoezi pembeni mwa mjusi

Siku ambazo mjusi hatoki, usirudi nyumbani mikono mitupu. Mikarafuuni wamo maji moto, wale chungu wekundu wanaounganisha majani mabichi kuwa kiota, ambao kila aliyewahi kuchuma karafuu anawajua kwa ngozi yake. Ukiwatazama kwa lenzi utaona wafanyakazi wakiwa wamembana buu kwa meno, wakimpeleka huku na huku kati ya majani mawili kama mshona nguo anavyopitisha sindano, kwa kuwa uzi wa hariri hutoka kwa buu mwenyewe. Kwa mpigapicha hao ni wakufunzi wakali: hawatulii, na hawasamehe. Paka mafuta miguu ya tripodi na usiegemee mti.

Na kwenye mikoko wako kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, analolipunga kuita jike. Tope likitikiswa kwa mguu hutoweka wote. Kaa kimya dakika kumi, watachomoza mmoja mmoja. Tatizo ni saa. Siku za bamvua maji yetu hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, jua likiwa tayari kali. Nenda siku tatu hivi kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, yaani kama mwezi kumi na mbili au ishirini na saba kwa hesabu ya Kiislamu, nawe utakuta maji yamepwa kiasi cha saa mbili asubuhi, mwanga ukiwa bado unatoka ubavuni. Wavuvi wa kijijini watakupa saa sahihi zaidi ya programu yoyote ya simu. Lala kifudifudi juu ya gunia ili lenzi iwe usawa wa macho ya kaa. Picha ya kaa iliyopigwa kutoka juu humwonyesha kama kaa aliyetengwa sokoni.

Kuhusu kumgusa mnyama nitasema machache. Usimtie mdudu kwenye friji ili azubae, usimfunge uzi kinyonga, usimwondoe mjusi mgombani ukampeleka kwenye ua zuri zaidi. Picha ya namna hiyo ni ya uongo hata kama kila unywele umeonekana, na anayewajua wanyama huitambua.

Unyevu, adui wa kamera

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalala na kamera ndani ya chumba chenye kiyoyozi, nikitoka nayo alfajiri moja kwa moja hadi shambani. Kila siku lenzi ilifunga ukungu, nami nikaifuta kwa ncha ya shati, nikaukwaruza mpako wake kwa chembe za mchanga wa pwani. Baadaye nikaona ndani ya kioo nyuzi nyeupe kama utando wa buibui: kuvu. Tangu hapo kamera hukaa usiku ndani ya mkebe wa plastiki unaofunga barabara, pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, ambavyo hukaushwa upya vikishiba. Ikiwa lazima itoke kwenye ubaridi, iache imefungwa ndani ya mfuko kwa nusu saa mpaka ipate joto la nje. Ukirudi kutoka mikokoni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Kuchagua picha na kuzitoa kwa watu

Usichague picha siku uliyozipiga, kwa sababu utachagua jasho lako. Ngoja wiki moja. Katika picha mia tatu za mjusi, toa kwanza zote ambazo jicho halikukaa sawasawa, bila huruma. Katika zinazobaki, uliza kila moja inaeleza nini ambacho nyingine haikueleza. Mfululizo wa picha nane unatosha: moja inayoonyesha shamba na mgomba, ili mtazamaji ajue mnyama anaishi wapi, kisha unasogea mpaka kwenye kidole kimoja kilichobandika ganda la mgomba. Picha zote nane zikiwa za jicho, mtazamaji huchoka kwenye ya tatu. Katika kuhariri, sawazisha mwanga na rangi, punguza chenga, na uishie hapo; kijani cha mjusi huyu kina makali yake, na ukikiongeza kinageuka rangi ya plastiki.

Chini ya kila picha andika jina la Kiswahili linalotumika kijijini, jina la kitaalamu kama una uhakika nalo, mwezi, mwaka, na jambo alilokuwa akifanya mnyama. Mahali pataje kwa upana, kwa mfano wilaya ya Micheweni, na uondoe alama za ramani ambazo simu na baadhi ya kamera huzificha ndani ya faili. Sababu ni ya wazi: jamii yote ya Phelsuma imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa kuwa kuna watu wanaowanunua kuwafuga, na picha nzuri yenye ramani humwelekeza mkamataji hadi shinani. Ukiiweka picha kwenye iNaturalist, tovuti ya watu kuweka picha za viumbe walivyoviona, ambako wataalamu watakusaidia kuhakikisha jina, ipo nafasi ya kuficha mahali halisi, itumie.

Faili ikipitishwa kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza magamba yote uliyoyahangaikia, kwa hiyo itume kama hati. Kwa kuchapisha, picha ya megapikseli 24 inatosha karatasi ya A3 bila kulegea. Chapisha hizo nane, uzitundike kwa kamba na vibanio vya nguo mahali ambapo watu hukaa kwa hiari yao: barazani, ukumbi wa skuli, dukani kwa jirani. Mwenye shamba azione kabla ya mtu mwingine yeyote, na usimame karibu kusikiliza, kwa maana watu watakwambia majina na mambo ya mnyama yule ambayo hukuyaandika daftarini, na baadhi yao watasema hawajawahi kumtazama usoni.

Mkungu ukikaribia kukomaa, muulize mwenye shamba siku atakayoukata, na uwepo. Mgomba uliokwisha kuzaa huangushwa, na mjusi uliyekaa naye miezi mitatu atahama kwenda kwenye mche wa pembeni, akisitasita juu ya jani jipya ambalo bado halina ufa wa kujificha. Hiyo ndiyo picha ya tisa, na haipigwi mara mbili.